Za Springi au za Hewa

Kwako Baba,

Shikamoo, na Mama mfikishie shikamoo yangu. Natumaini goti lako limepoa na sasa unashuka ngazi bila kushikwa mkono. Sisi huku tunapumua, ila sitakuficha, nyumba haina raha.

Kwanza habari za kitinda mimba wako. Plasta ya mkono wa kulia ilitolewa Jumanne. Daktari anasema mtulinga, ule mfupa unaoshika bega, umeunga vizuri, lakini kifundo cha mkono hakikunjiki inavyotakiwa, na hawezi kuahidi kwamba kitarudi kama zamani. Unajua maana yake kwa mtu anayekula kwa kuchora mabango. Jana alijaribu herufi moja kwa brashi nyembamba, ikapinda. Akaiosha brashi, akairudisha koponi. Hakulia. Bora angelia.

Ile barua yako ameisoma mara mbili. Ulimwandikia kwamba ameyataka mwenyewe, kwamba angenisikiliza mimi kaka yake asingevunjika. Naomba unisikilize sasa, maana hukuwepo na hukuelezwa yote.

Wiki tatu kabla ya mashindano ya kuteremka mlima nilimfungia baiskeli yake shokapu za mbele za springi. Wewe umetengeneza malori maisha yako yote, springi sina haja ya kukueleza. Alishuka nazo, akarudi akikiri kwamba mikono haikufa ganzi, na kwamba zilimeza kila kijiwe kutoka juu hadi chini bila kubadilika. Ila mwili wake unaujua, hauna uzito, na springi ile ilikuwa ya mtu mzito. Laini zaidi sikuwa nayo. Halafu mbele kukawa kuzito, kona akawa anaziingia kwa kuchelewa.

Nikamfungia za hewa. Hizo unazijaza kwa pampu ndogo kulingana na uzito wa mtu, dakika moja tu, na baiskeli ikapungua karibu nusu kilo. Ubaya wake, mteremko ukiwa mrefu zinapata joto na kuwa ngumu, na uhai wake wote uko kwenye sili, ule mpira wa ndani unaozuia hewa isitoke. Sili ikipitisha hewa, mbele kunazama. Nilimweleza hayo wateja wakisikia. Akasema kaka anapenda springi kwa sababu kazirithi kwa Baba, pamoja na pua. Karakana nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini liliniingia.

Akachagua za hewa. Na Baba, alichagua sawasawa. Saa ya kupimia niliishika mimi, na kila aliposhuka na za hewa aliokoa sekunde nne. Sikumwambia. Nilimwambia mbili.

Siku ya mashindano nilisimama penye mawe makubwa, karibu na mwisho wa njia. Nilimwona akija vizuri, mabega yamelegea, magoti yamekunjwa. Akaruka jiwe la kwanza. Tairi la mbele lilipotua, shokapu zilizama na hazikuinuka. Jiwe la pili likamkuta hivyo, baiskeli ikagota, yeye akapita juu ya usukani. Watu wakasema kashika breki vibaya. Hospitalini naye akasema hivyo hivyo, kwamba alishika breki vibaya, na kwamba nimsamehe kwa kuniharibia kazi. Aliniomba msamaha mimi.

Baba, nilijua. Asubuhi ile nilipozipima, hewa ilikuwa imepungua tangu jana yake. Ilikuwa sili. Ilitaka kufunguliwa, kazi ya saa moja, na muda tulikuwa nao. Nilijaza tu, nikanyamaza. Sikutaka aanguke, Mungu anajua. Nilitaka achelewe, afike chini analalamika, nami nipate kusema si nilikwambia. Ni hilo tu, na ni dogo hata naona haya kuliandika. Baadaye nilizifungua peke yangu, nikaikuta sili imechanika. Nikaitupa, nikaweka mpya, ili asiione mtu.

Jana, baada ya ile herufi kupinda, nilimweleza. Akauliza, "Ingekuwa wewe, ungeipanda?"

Nikamjibu hapana. Akageukia ukutani. Nilipofika mlangoni ndipo aliposema, bila hasira, "Mwandikie Baba. Andika yote. Mimi kalamu siwezi kuishika."

Basi nimeandika. Najua utakavyonihesabu ukimaliza kusoma, na sikuombi unipunguzie. Ila ukikaa kujibu, usianze na mimi. Anza na yeye, na yale maneno yako uyarudishe.

Mama mpoze, usimsomee yote kwa mara moja. Nawaombea afya nyote wawili.

Ni mimi mwanao mkubwa,
fundi baiskeli