Siku Bibi Alipoitazama Zohali

Ami yangu,

Nakuandikia nikiwa forodhani, kwa wino wa serikali, wenzangu wamekwenda kuswali. Ungekuwa hai ungenikanya. Tangu tukuzike kisiwani Chovai sijapata mtu wa kumweleza habari za darubini yako, na safari hii habari yenyewe ni ya mama yako.

Unajua ulivyokuwa ukisemwa. Ulipofariki maneno yalizidi. Manahodha walianza kuja kwangu, ilikobaki darubini yako, kuuliza nyota ya safari, mimi ambaye hata mashua naiogopa. Habari zikafika Chovai kwamba ulikuwa mnajimu, ukiziuliza nyota mambo ya ghaibu. Bibi akaja Kismayu. Hakuvua hata buibui.

"Nipe hiyo darubini nikaitupe baharini," akasema. "Mwanangu asije akaulizwa nayo kaburini."

Nikamwomba atazame mara moja, kisha afanye atakavyo.

"Mara moja. Na ukinidanganya, nakutupa pamoja nayo."

Baada ya Magharibi tulipanda darini. Zohali ilikuwa juu, upepo umelegea. Nilitaka aione kubwa, na hapo nikakosea. Nilitia Balo kwanza, kile kioo chako kidogo kinachokaa kati ya darubini na kioo cha jicho na kuikuza nyota maradufu. Nikaanza kuitafuta Zohali hivyo hivyo. Nilisahau kwamba Balo hukuza nyota lakini hubana mbingu, kipande unachokiona kikawa kama tundu la ufunguo. Nilidhani nimeipata. Bibi akainama, akalishika bomba kwa mikono miwili kama mtungi, likatikisika lote.

"Giza," akasema. "Mwanangu alikuwa akitazama giza?"

Hapo nikakusikia, Ami, na ule ukali wako: "Mpate kwanza, kisha umkuze." Mara ngapi uliniambia hivyo. Nikatoa Balo. Kwa kioo cha jicho peke yake nikaipata Zohali, ndogo, imerefuka kidogo kama punje ya mchele, nikaileta katikati kabisa. Ndipo nikatia Balo, nikazuia pumzi nisikitie kioo ukungu, nikavuta bomba la jicho polepole mpaka ile nyota ikatulia.

"Usiishike, Bibi. Weka jicho tu. Wahi, inakimbia."

Akatazama. Hakuondoa jicho mpaka ikatoka kiooni. Nikairudisha, akatazama tena.

"Ina kata," akasema. "Kama kata ya kuwekea mtungi kichwani. Lakini haijaigusa." Kisha akauliza, "Inasema nini?"

"Haisemi kitu, Bibi."

"Na mwanangu alikuwa akiiuliza nini?"

"Hakuiuliza. Akishaipata, aliniita na mimi nije nione."

Akacheka kile kicheko chenu cha puani. "Chakula changu kikipoa kwa ajili ya hii. Masikini, haina neno na mchu, haimdhuru mtu." Halafu akalia, na mimi nikasimama kati yake na darubini, buibui lisije likaikumba. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Haikutupwa. Aliifunga kwa leso yake mwenyewe. Jana nahodha mmoja alibisha hodi kuuliza safari yake, na Bibi akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Hapa ni pa kutazama. Kuuliza, muulize Mungu." Yule bwana akaondoka ameshika kofia.

Sasa anarudi Chovai na ametaka niende naye na darubini, awaonyeshe wale waliompelekea maneno. Nimeomba ruhusa kazini. Naogopa bahari, naogopa chumvi kwenye vioo, naogopa watu wakipanga foleni nami nisiipate Zohali. Lakini nakuahidi nitaipakata njia nzima, na Balo atakaa mfukoni mwangu mpaka nyota iwe katikati. Nikifika nitakuja kaburini kwanza, kabla ya kwa mtu yeyote.

Pumzika, Ami. Mama yako amekwisha kukujibia.

Mwana wa nduguyo