Sijda Ndefu ya Alfajiri

Muslimo, Mahat na Faiza,

Yule mbuzi mwekundu msimtoe leo, mguu wake haujapona. Maji ya bomba yanakuja saa nne. Jazeni mapipa yote mawili, si moja kama juzi. Faiza, ufunguo wa duka anao hooyo, mama yenu; usinipigie simu kuuliza.

~~Naenda Balambala kuwaona ngamia.~~

Huo mstari nimeufuta kwa sababu ni uongo. Napanda basi la Nairobi. Daktari anataka nipigwe picha ya ubongo, kisha nitolewe maji ya uti wa mgongo. Anashuku ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule unaomaliza nguvu polepole. Bado hana hakika. Muslimo, usianze kulia; mapipa kwanza.

Alfajiri mvua ilituzuia kwenda msikitini, nikawasalisha hapa sebuleni. Tulipomaliza, Mahat ukanisifu: "Mashallah, Aabo, sijda ya leo ilikuwa ndefu! Umeuombea mtaa mzima wa Galbet?" Nikacheka.

Sikuwa naomba chochote. Mikono na miguu ilikataa kuniinua. Paji la uso liko kwenye mkeka, nasikia pumzi yako hapo kando yangu, na siwezi kukuita.

Kuyasema haya tulipokunywa chai nilishindwa.

Mahat, magharibi utasalisha wewe. Nikirudi, nitasimama kulia kwako, pale uliposimama leo. Nikichelewa kuinuka usinisifu, mwanangu. Nishike mkono.

Aabo