Limau Kwenye Nyama ya Baba

Jumamosi, Laare. Mvua imenyesha tangu asubuhi na vilima vyote vimefunikwa na ukungu. Moyo wangu nao ni mzito, na kosa ni langu.

Baba alimaliza matibabu ya mionzi ya koo mwezi uliopita. Tangu hapo anasema chakula ni kama kutafuna karatasi. Huyu ni mtu aliyeuza nyama sokoni hapa tangu sijazaliwa, mtu wa kuonja mbuzi na kukuambia alilishwa wapi. Siku hizi anakunywa uji nusu kikombe, kisha anageukia ukuta.

Mimi nafanya kazi Embu. Huko mbali nilijishawishi kwamba dada yangu Kananu, anayeishi naye na kumuuguza, hajui tu kumpikia.

Naandika hayo nikiona aibu.

Jana nikija nyumbani nilinunua malimau na machungwa ya Mbeere, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga. Leo nikakata mguu wa mbuzi vipande vidogo, nikatwanga viungo, nikakamua malimau manne na machungwa mawili, nikasugua kila kipande kwa mikono. Nikailoweka hiyo nyama saa tatu nzima. Nilitaka uchachu uingie mpaka ndani, uamshe ulimi wake.

Kananu alichungulia sufuria akaniuliza kama limau halijazidi. Nikamwambia aniachie jikoni.

Nyama ilipoanza kuiva kwenye makaa, Baba alitoka chumbani mwenyewe, bila kushikwa mkono. Akaketi mezani. Akala kipande cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano. Machozi yakamlengalenga. Nilimpiga picha nikaituma kwa ndugu zetu wote: "Baba amepata ladha!"

Sijafurahi hivyo mwaka huu wote.

Baadaye Kananu aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na kitambaa cha Baba mkononi. Kilikuwa na damu.

"Kendi, mdomo wa Baba umejaa vidonda. Hukujua?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Uliuliza?"

Kila nilipopiga simu niliuliza amekula nini, basi. Sikuwahi kuuliza kama kula kunamuuma.

Nilimkuta Baba kitandani, amefumba macho, anasukutua kwa maji ya chumvi polepole. Nilipiga magoti kando yake.

"Baba, mbona hukusema inachoma?"

Alitema maji kwenye beseni. Sauti yake siku hizi ni kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Ulikuwa na furaha, mama. Hukuwa umecheka tangu uingie hapa."

"Na ladha? Uliisikia hata kidogo?"

Alitikisa kichwa. Hapana.

Nyama iliyobaki nimempa jirani. Ndugu zetu bado wanatuma pongezi kwenye simu, na sijapata ujasiri wa kuwaambia ukweli. Kananu nimemwomba msamaha. Alisema sawa, lakini aliendelea kuosha vyombo bila kuniangalia.

Baba amelala sasa. Namtazama na swali moja linanizunguka kichwani: ni maumivu mangapi mengine ameyameza miaka hii yote, ili mimi nirudi Embu nikiwa na amani?

Akiamka nitamuuliza. Na safari hii nitanyamaza mpaka amalize kujibu.