Viazi vya Sista Muakadia

Zaina mjukuu wangu,

Huku Lukozi tu wazima, ila mvua imeozesha viazi shambani.

Umeuliza kama nakijua chakula cha Waakadia, hao Wakanada wenye asili ya Kifaransa unaoishi nao. Nilikila mara moja. Nilipokuwa msichana nilisaidia jikoni misheni. Sista mmoja Muakadia alikwaruza viazi, akavikamua maji kwa kitambaa, akavioka na kuku kama alivyofanya mama yake. Asubuhi ile alikuwa amepata barua kwamba mama amefariki. Alionja, akaweka kijiko chini.

"Kimekosa chumvi, Sista?"

"Hapana. Sicho kile."

Sikumwelewa.

Tangu tumzike babu yako, napika, naonja, nafunika sufuria. Nimekuambia wewe kwa sababu umeuliza. Hapa haulizi mtu.

Bibi yako