Mti wa Shiraa

Amu, 24 Mfungo Mosi 1327

Kwa dada yangu mpendwa Tima, aliyeko Chundwa, Mungu amhifadhi.

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote walio nyumbani. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto lanisumbua nikipanda ngazi, na paka wako anakula samaki wangu kama aliyeachiwa urithi. Wewe hujambo? Mama hajambo? Kifua chake kimetulia?

Tima, umeondoka bila kuaga. Asubuhi baada ya harusi niliingia ukumbini nikaukuta msumari wa kutundikia pembe yako u mtupu. Wasichana wote kumi na wawili walikuja na pembe zao na vijiti vyao wakakaa mkekani kukungoja. Jamila akauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikasema umekwenda kumtazama mama.

Sasa sikia habari njema. Bi Umulkheir, mwenye nyumba ile kubwa ya mtaa wa Mkomani tuliyokwenda kucheza, amelisifu vugo letu, ngoma yetu ya kugonga pembe, mbele ya wanawake wote. Amesema hajapata kuona mstari wa wanawake wakiinama pamoja namna ile. Ameniletea sahani ya halua na doti mbili za leso. Fikiri, dada! Sisi chama cha Langoni, ambao Mkomani walikuwa wakituita wapiga kelele, tumeingia hadi ukumbi wa ndani.

Kama umeudhika kwa ajili ya ule mti, hilo ni jambo dogo. Jua lilikuwa kali, watu wamejaa njiani, na mimi nilikuwa nimepagawa. Usiliweke moyoni. Mfungo Tatu tumeitwa harusi nyingine, na bila wewe hawa watoto watanifedhehesha. Rudi upesi.

Ni mimi nduguyo,
Mwanaarabu


Chundwa, 3 Mfungo Pili 1327

Kwa Bi Mwanaarabu, mkuu wa chama cha vugo, Langoni.

Salamu. Sijambo. Mama kifua kinambana, lakini anakula uji na kugombana na kuku, kwa hiyo hajambo. Pole na goti. Paka mpe vichwa, miili ule wewe.

Umesema ule mti ni jambo dogo. Basi nitakusimulia, labda umesahau kwa furaha ya halua.

Ulitoa shiraa ya marehemu mama yako, ile nguo ya kutembelea waungwana, ili uifikie nyumba ya Bi Umulkheir umesitiriwa ndani yake kama mabibi wa Mkomani. Ulikuwa umepata wanawake wawili wa kuibeba kwa miti yake. Mmoja hakuja. Alileta jibu kwamba Serikali imeondoa utumwa mwaka wa pili sasa, na kama Bi Mwanaarabu anaona haya kuonekana, akae kwake. Mimi nilicheka. Wewe hukucheka.

Nilikuwa nimeshika pembe yangu. Desturi ya chama, uliyoiweka wewe mwenyewe, ni kwamba fundi hutangulia, na akifika mlangoni kwa bibi harusi hugonga pembe mara tatu ndipo wenzake waingie. Nilikuwa nimevaa leso mpya. Uliichukua pembe mkononi mwangu ukampa Jamila, ukaniambia maneno mawili: "Shika mti."

Nikaushika. Mpaka leo sijui kwa nini niliushika. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikaubeba kutoka Langoni hadi Mkomani, na wasichana niliowafunza miaka sita wanatembea nyuma yangu wakitazama chini.

Hilo ningelimeza. Lakini mlangoni Bi Umulkheir alikuuliza, "Ni nani huyo?" Ukajibu, "Ni mjakazi wetu."

Baba yako alituandikia uhuru mimi na mama mbele ya kadhi, na karatasi ninayo. Mama yako alipokufa siku ya kukuzaa, mama yangu alikuweka ziwa la kushoto na mimi la kulia. Kwa sheria ya Mungu sisi ni ndugu. Ndiyo maana niliutegemeza mti ukutani, nikamwomba Jamila pembe yangu, nikaenda zangu.

Usiniombe radhi kwa barua. Barua husomwa na mtu mmoja. Mimi nilishika mti mbele ya mji mzima. Ulilolisema mlangoni kwa Bi Umulkheir, kalikanushe palepale.

Aliyekuwa fundi wako,
Tima binti Mwanamkisi


Amu, 12 Mfungo Pili 1327

Dada yangu Tima, salamu kama mchanga wa Shela.

Natumai barua hii itawakuta wazima. Mimi mwili ni mzima, uso ndio sina. Niliisoma barua yako jikoni, moto ukazimika sina habari.

Ni kweli yote. Nilipoulizwa, jibu lilinitoka kabla sijalifikiri, na hapo ndipo panaponitisha. Kumbe lilikuwa limekaa tayari mdomoni miaka yote, likingoja kuulizwa tu. Nimeona haya, Tima. Naona haya hata kuandika jina lako kwa kalamu hii, maana ni mimi niliyekufunza kuandika, na ni wewe uliyenifunza kutembea mbele za watu.

Jana niliwakusanya wasichana. Nikawaambia, "Fundi Tima ni kama dada yangu." Hindu, yule mdogo mwenye mwanya, akauliza, "Kama dada, au dada?" Nikamwambia ashike pembe yake tuanze. Nakuandikia haya ili ujue nimejaribu, na ujue nimejaribu vibaya.

Kwa Bi Umulkheir bado. Nipe muda. Ukimwambia mwanamke yule kwamba ulinyonya kwa mjakazi, kesho utalisikia hadi Siyu.

Na vugo limeharibika. Ile hatua ya kuinama haikai. Mimi ni mkuu wa chama, najua kupanga harusi, kugawa nguo na kugombeza, lakini hatua zote zi miguuni mwako. Jamila aanza na mguu wa kushoto, Batuli wa kulia, katikati wanagongana kama mbuzi zizini. Niandikie angalau hiyo moja. Nimempa nahodha Husseini leso moja na kahawa, akuletee.

Nduguyo,
Mwanaarabu


Chundwa, 27 Mfungo Pili 1327

Bi Mwanaarabu, salamu.

Leso nimeirudisha kwa Husseini. Kahawa mama amekataa irudishwe, amesema kahawa haina kosa.

Hatua ni hii. Naiandika kwa ajili ya wasichana, wasifedheheke kwa kosa lisilo lao. Mguu wa kulia usinyanyuliwe, uburuzwe mpaka ukutane na kisigino cha kushoto. Pigo la kwanza na la pili, mwili usitikisike. Pigo la tatu ndipo goti lilegee, na pembe ishuke hadi kiunoni. La nne, macho yateremke. Mwambie Jamila asiitazame pembe, pembe haikimbii. Nyayo zisisikike hata kidogo. Na Batuli akicheka, msiache. Hucheka akiogopa.

Mama si mzima tena, yaani amelala. Kifua kimeshuka hadi mbavuni. Amekuuliza. Hakumuuliza mkuu wa chama, amesema, "Mwanangu wa pili yuko wapi? Mwambieni ndoo." Anataka uje. Kuhusu mti sikumwambia.

Husseini huja Jumatatu na Alhamisi.

Tima


Amu, 19 Mfungo Tano 1328

Dada Tima,

Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mungu amrehemu mama, ampanulie kaburi lake. Sijui niulizeje hali yako wakati naijua.

Karibu miezi mitatu sijaandika, na mama ana zaidi ya siku sabini kaburini. Umenyamaza nami nimenyamaza, lakini kunyamaza kwako kuna haki.

Nitakwambia jinsi ilivyokuwa, usije ukadhani barua yako haikufika. Ilifika. Alhamisi ileile nilifunga furushi la nguo, nikachukua udi na asali, nikashuka gatini. Mguu mmoja ulikuwa tayari chomboni kwa Husseini. Mara akapita Mahfudha, bintiye Bi Umulkheir, na watu wake. Akaniuliza, "Bi Mwanaarabu, wenda wapi?"

Ningeweza kusema, naenda kumuuguza mama. Maneno matatu tu. Nikasema, "Naenda Pate kununua mikeka."

Akacheka, akasema mikeka mizuri iko sokoni hapahapa, twende akanioneshe. Nikautoa mguu chomboni. Nikaenda naye, Tima. Nikanunua mkeka. Uko hapa ukumbini na siwezi kuukanyaga.

Nikasema nitakwenda Jumatatu. Jumatatu Husseini aliporudi alinipa mkono wa pole.

Hata wakati huo ningeweza kuja matangani. Lakini ningekaa wapi? Kukaa ndani na watoto wa marehemu ni kutangaza. Kukaa nje na wageni ni kumkana mara ya pili. Basi nikakaa nyumbani, na nikawaambia watu kichwa chaniuma.

Harusi ya Mfungo Tatu tulicheza. Hatua yako ilikaa. Wakanisifu mimi.

Sina la kukuomba. Nilitaka tu ujue kwamba najua nilivyo.

Mwanaarabu


Chundwa, 2 Mfungo Sita 1328

Bi Mwanaarabu,

Salamu zako za pole zimefika.

Mama aliuliza mara mbili. Mara ya kwanza Alhamisi jioni: "Hakuya?" Nikamwambia ndia ya maji ni mbaya, vyombo havikuvuka. Mara ya pili Jumamosi alfajiri. Nikamwambia umefika, umelala chumba cha pili kwa uchovu, akuache upumzike. Akasema, "Haya, mwacheni alale." Akafa kabla ya adhuhuri.

Sikuwahi kumwongopea mama yangu maishani. Nimemwongopea kwa ajili yako, na wewe ulikuwa ukinunua mkeka.

Mbeleko aliyotubebea sote wawili ameiacha, amesema tugawane. Sijaikata.

Usiniandikie tena mpaka uwe na jambo ulilolitenda. Ya kusema nimechoka nayo.

Tima


Amu, 10 Mfungo Mosi 1328

Dada yangu Tima,

Salamu, na heri ya Idi ya Ramadhani iliyopita. Mimi mzima. Paka amezaa, wanne. Nimeitii amri yako miezi saba, na leo nina la kukuandikia.

Juzi Bi Umulkheir alimwoza mjukuu wake, akatuita. Safari hii akatuma na ujumbe kwamba nije kwa shiraa, kama mara ile, ndiyo heshima ya nyumba yake. Nikaitoa sandukuni. Nikawaita wasichana, nikamweka Hindu ndani ya shiraa, maana ndiye mdogo wa wote. Nikamwomba Jamila ashike mti wa nyuma. Wa mbele nikaushika mimi.

Tima, ni mzito. Hukuniambia kwamba ni mzito. Nguo yote inakuvuta shingo, na watu hawakutazami, wanakupita kwa macho kama ukuta. Kutoka Langoni hadi Mkomani nililia, na mikono ilikuwa na kazi, sikuweza hata kujifuta. Dukani kwa Jeilani mtu mmoja akasema, "Bi Mwanaarabu ameingiwa na wazimu." Nikaendelea kutembea.

Mlangoni pembe haikugongwa. Mahali pako mbele ya mstari tulipaacha wazi. Bi Umulkheir akatoka na wanawake wake wote, akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia hivi, na nimeyarudia usiku kucha kichwani nisije nikakuongezea:

"Mwaka jana uliniuliza ni nani aliyeshika mti, nikakwambia ni mjakazi wetu. Niliongopa. Ni Tima, dada yangu wa ziwa moja. Mama yetu ni Mwanamkisi wa Chundwa, alikuwa mjakazi wa baba yangu, na ndiye aliyeninyonyesha. Alipokuwa akifa aliniita nami sikwenda, kwa kumwonea haya mbele yako. Hatua zote mlizozisifu ni za dada yangu. Mimi sijui kufunza hata moja."

Bi Umulkheir akasema, "Si lazima kusema kila kitu mlangoni kwa watu." Akaingia. Mlango ukafungwa.

Hatukucheza. Kesho yake akina mama walikuja kuwachukua binti zao. Wamebaki wanne: Jamila, Batuli, Hindu, na yule mnene wa kwa mwashi. Chama kimekwisha, au kimebaki kidogo sana. Sikuandikii urudi. Hapana wa kumrudia.

Nina ombi moja. Nataka kuja kumsomea mama Yasini. Nitapanda kwa Husseini Alhamisi hii. Akiniuliza mtu gatini nitamwambia naenda wapi. Kama hutaki kuniona, usije ufuoni. Nitasoma kwa mbali nirudi na chombo kilekile, na sitakulaumu.

Mficha uchi hazai, mama alikuwa akisema. Nimeuficha miaka thelathini na mitano.

Mdogo wako,
Mwanaarabu


Chundwa, 13 Mfungo Mosi 1328

Mwanaarabu,

Salamu. Mimi mzima.

Sijui kama nimekusamehe. Nimeisoma barua yako mara nne na bado sijui, na sitaki ufike ukidhani najua.

Alhamisi maji yatakuwa yamekupwa. Chombo hakifiki nchi kavu, na mtu hushuka mbali akakanyaga matope hadi magotini. Mabibi wa Amu hubebwa mabegani na wapagazi. Nimewaambia wapagazi wasikubebe. Vaa nguo ya zamani, na goti lako lifunge kitambaa.

Njoo na hao wanne, kama mama zao wataruhusu. Kuna uwanja nyuma ya nyumba, na Jamila mguu wake bado, nina hakika.

Nitakuwa ufuoni. Mbeleko ninayo, haijakatwa.

Dada yako,
Tima