Laini Ilikuwa Kwangu

S.L.P. 61,
Malaba.
Alhamisi, 18 Machi 1999

Mpendwa dada yangu Nerima,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Wewe na mtoto mko aje? Kifua cha shemeji Lazarus kimepona na hiyo baridi ya Uingereza? Sisi tuko wazima. Mvua imeanza, malori yamekwama kwa matope, na kwa Mama huko Funyula watu wanapanda.

Barua yako ilifika Jumatatu. Unauliza kama Mama amekataa mtoto wako. Unasema ulipiga simu Jumapili mbili kama tulivyopatana, ukapata imeshikwa tu, ukajua Mama ndiye aliweka mkono wa simu kando. Nilisoma nikashindwa kumaliza chai. Nerima, si Mama. Ni mimi.

Unakumbuka mliniambia nihesabu watu wa nyumba, na kila mmoja atafanya nini na intaneti, ndio Lazarus ajue atafute modemu ya spidi gani. Nilikuandikia watu tisa. Tuko wanne, na anayetumia ni mimi peke yangu, barua pepe mbili tatu kwa siku za mizigo inayovuka. Lazarus mwenyewe alisema ya pole pole inatosha. Lakini Ikapel, tunayefanya naye kazi ya kupitisha mizigo, alikuwa amenicheka mbele ya madereva: "Boss, barua yako itafika Kampala ikute ndizi zimeoza." Basi nikahesabu wageni, nikahesabu hata mtoto wa jirani ambaye hajui kusoma. Mkanitumia ile ya spidi kubwa.

Ongodia, fundi wa simu, alipokuja kuifunga alisikiliza laini, akatingisha kichwa. "Mzee, hii waya ni ya zamani, maji inaingia. Nikuwekee spidi ya chini, iende pole pole lakini ifike." Nikamwambia mtu hapewi ng'ombe wa kulima halafu ashike jembe.

Sasa mvua ikinyesha kidogo tu, inakata. Nikianza upya, inakata. Na laini ni moja. Kompyuta ikishika, simu haiingii. Hiyo nilijua.

Jumapili ya kwanza Mama alikuja na nguo yake ya kanisa, akakaa karibu na simu kutoka saa saba. Mimi nilikuwa chumba cha pili, natuma barua ya lori moja ya kahawa. Nilisema itaisha kabla ya saa tisa, saa yako ya kupiga. Ikakata, nikarudia, ikakata, mpaka saa kumi na moja. Mama akauliza mlangoni kama umepiga. Nikasema hujapiga. Jumapili ya pili vile vile, na safari hii barua hata haikuwa ya haraka. Nilitaka tu kuishinda hiyo mashine.

Mama alikunja leso yake akasema, "Basi Nerima amenichoka." Nikamsindikiza mpaka kwa gari.

Alikuwa amekuja na jina la mtoto. Unajua vile jina la wazee halipitishwi kwa mtu mwingine, bibi analitamka mwenyewe. Nimemwomba aniambie nikuandikie, amekataa.

Jana nilienda Funyula nikamweleza Mama yote, akiwa amesimama shambani na mbegu mkononi. Nilingoja anitukane. Alisema tu, "Kwa hivyo alipiga?" Nikasema ulipiga. Akaangusha mbegu kwa shimo, akafunika na mguu, akauliza tena, "Alipiga?"

Modemu nimeichomoa. Ongodia atakuja kuishusha spidi, na Jumapili haitaguswa. Piga Jumapili ya Pasaka, saa tisa ya huku. Mama atakuwa hapa. Ningekupigia nikuambie haya kwa mdomo, lakini niliogopa sauti yako. Nisamehe, dada. Nimewafanya mama na mtoto wake wafikiriane mabaya kwa sababu ya kujionyesha kwa Ikapel.

Magdaline, mke wangu, anakusalimu sana, na mtoto wetu Winny anauliza mtoto anafanana na nani. Msalimie Lazarus. Mungu awafunike nyote watatu.

Ni mimi kaka yako, nakupenda hata kama nimekukosea,
Oduori

Nilikuwa nimesahau. Jana Mama alipokuwa akinisindikiza mpaka barabarani aliniuliza ulijaribu mara ngapi. Akishika simu mwambie wewe, na usipunguze hata mara moja.