Mama Ameuosha Ukuta wa Chiriku

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekaa, maana najua ukisimama unasoma haraka haraka na nusu ya maneno unaruka. Mgongo unaendeleaje? Ule mto niliokushonea unauegemea au umempa mgeni? Wifi na watoto wanalala vizuri? Sisi huku hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo cha asubuhi, ila sauti ya kugomba anayo yote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Najua unachokingoja. Uliniuliza habari ya mpwa wako Chiriku, na tulikubaliana kwamba akishindwa mtihani wa mwaka huu aache chuo aje kwako, akatunze stoo ya yule rafiki yako. Nitakujibu, lakini nitakujibu kwa raha zangu. Wewe mwenyewe ndiye uliyempa mtoto jina la Chiriku kwa kelele zake, basi vumilia na kelele za mama yake.

Kwanza nikwambie anachosoma, uandishi wa herufi za mabango, maana barua yako ilisema herufi anazijua kila aliyekaa darasani. Kaka, hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe mtoto aliwekwa kuchora mstari mmoja tu wa kushuka, kwa brashi, wiki baada ya wiki, mpaka nikataka kwenda kumuuliza mwalimu kama karo yetu ni ya mstari. Huyo mwalimu wanafunzi wanamwita Rula, na ukimwona utajua kwa nini. Hata anavyokaa kwenye kiti unaweza kupimia ukuta.

Chiriku alinifundisha kwamba herufi O lazima ivuke mstari kidogo, juu na chini, la sivyo macho yataiona imedumaa kati ya wenzake. Nikamwambia hilo nalijua, ndiyo maana bega la mtu aliyeinama upande silishoni sawa na lingine, nalidanganya kidogo ili watu waone sawa. Akanikumbatia. Tangu siku hiyo tunaongea lugha moja, yeye na herufi zake, mimi na mabega yangu.

Na hizo mashine ulizoandika kuwa zitamnyang'anya kazi, anazijua pia. Herufi anazichora kwa mkono, kisha anaziingiza kwenye kompyuta ya chuo na kuzipanga humo. Nembo iliyoko kwenye fulana za timu ya mtaa wetu ni kazi yake. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Mimi nimeloa chapachapa.

Sasa mtihani. Kila mwanafunzi alitakiwa aandike jina la duka la kweli, kwenye ukuta wa kweli. Siku ya kwanza anapiga mistari na kuchora herufi kwa chaki, siku ya pili mwalimu anapita kukagua mchoro, anamwacha apake rangi, na jioni anarudi kutoa hukumu. Chiriku alichagua ukuta wa chumba changu cha cherehani. Mimi nilitaka aandike magauni, sare, mapazia, zipu, viraka, na picha yangu pembeni nikicheka. Akaniambia, "Mama, ukuta nao unataka kupumua." Tukabaki na USHONAJI WA MAMA CHIRIKU. Ijumaa alichora mpaka magoti yakawa meupe kwa chaki.

Jumamosi alfajiri nikasikia brashi ya kusugulia. Kaka, unamjua mama yetu. Aliamka mapema, akaukuta ukuta wa mwanawe umechorwachorwa, akasema watoto wa mtaa hawana adabu, akachota maji na sabuni. Nilipotoka, alikuwa kwenye herufi ya mwisho, jasho linamtoka, anajisifu jinsi ulivyotakata.

Nilipiga ukelele. Chiriku akatoka, akautazama ukuta. Unamjua mtoto yule, haishiwi maneno. Siku hiyo yaliisha. Mama alipoelewa alichofanya alikaa kwenye ndoo aliyoigeuza, akaiweka brashi miguuni, naye asiseme neno. Mama yetu, asiseme neno! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Chiriku akamwinamia, akasema, "Bibi, chaki haishiki kwenye vumbi. Umenisaidia kuusafisha." Kisha akaniangalia mimi, na macho yake yalikuwa yanasema jambo jingine kabisa.

Ukuta ulikuwa umelowa, na chaki haishiki kwenye maji pia. Tukachukua makadibodi tukaanza kuupepea. Kinyozi wa jirani akafungua kibanda chake, akasimama, akauliza, "Mama Chiriku, ukuta una homa?" Nilimjibu neno ambalo silirudii Jumapili. Lakini ni mtu mwema. Alirudi na waya mrefu na ile mashine yake ya kukaushia nywele, akaanza kuupuliza ukuta kwa upole kama kichwa cha bibi harusi. Anasema, "Nimekausha vichwa vya kila aina. Cha matofali hiki ndicho cha kwanza. Mteja atulie tu."

Mwalimu Rula akatukuta hapo. "Mchoro uko wapi?" Chiriku akasema, "Umefutika, mwalimu. Naanza upya." Hakumtaja mtu. Mama akasema kutoka kwenye ndoo, "Ni mimi. Ulikuwa mchafu." Mwalimu akamtazama mama, akatazama saa. "Pole, bibi. Jioni yangu ni ileile," akaenda zake kwa wanafunzi wengine.

Muda wa kuchora tena herufi zote haukuwepo. Palikuwa na muda wa kupiga mistari tu, kisha brashi moja kwa moja. Mistari wanaipiga kwa uzi uliopakwa chaki. Huku unashikwa na huku unashikwa, unavutwa kwa nguvu, katikati unadonolewa, paa! Mstari umekaa. Ukiwa peke yako unapigilia msumari upande mmoja. Msumari Chiriku alikuwa nao. Niliuona kwenye mfuko wa aproni yake, na nyundo ilikuwa chini.

Akairuka nyundo yake, akaenda kwenye ndoo. "Bibi, nani atanishikia uzi?"

Mkono wa mama unatetemeka siku hizi, kaka, sikukuandikia nisikuhuzunishe. Aliubana ule uzi kwa vidole gumba vyote viwili, ulimi nje kama mtoto anayetunga sindano. Kila uzi ulipolia paa, anacheka. Chiriku naye akaanza tena kelele zake, na hapo nikajua atauweza ukuta.

Akapaka. Akianza herufi anazuia pumzi, akiimaliza anaongea. Kinyozi alipoteza wateja wake, wote walikuja na mashuka shingoni kutazama.

Jioni mwalimu akarudi. Mama alikuwa ndani anachemsha chai. Rula akaegesha rula yake ukutani, kweli anatembea nayo, akapima polepole mpaka mwisho. Akasema, "Hapa kwenye KU mstari umepanda." Chiriku akasema, "Najua, mwalimu." "Uliona kabla ya kupaka?" "Niliona." "Mbona hukunyoosha?" Mwanangu akatazama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Huo upande ndio alioshika bibi."

Kaka, nilijua tumekwisha. Nikaiona stoo ya rafiki yako, nikamwona mtoto wangu anahesabu magunia. Mwalimu akaipapasa ile U kwa kidole. Kisha akasema, "Alama za mstari sikupi. Za mkono nakupa zote." Amepita! Mwakani anaendelea! Nilimkumbatia Rula, na ni kama kukumbatia mlango, lakini nilimkumbatia.

Kwa hiyo mshukuru sana rafiki yako, hiyo nafasi ampe mtoto wa mwingine. Na wewe usinune. Uliwaza mema, na mema yako nayajua tangu ulipokuwa ukinibeba kuvuka madimbwi.

Mama sasa hataki mtu aegemee ule ukuta. Kila mteja anayekuja anaambiwa, "Mistari hiyo nimeshika mimi, na imenyooka kama reli." Macho yake hayafiki kule mwisho, na hakuna mtu mtaani, hata kinyozi na mdomo wake, aliyemwambia kitu. Ukija kututembelea, simama upande wa pili wa barabara utazame vizuri. Mwisho wa mstari utauona umepanda. Yameze maneno. Kisha vuka, umwambie mama umenyooka.

Nisalimie sana wifi. Wanao waambie shangazi yao anataka vipimo vyao vipya. Mama anakusalimia na anasema uvae soksi. Chiriku anakubusu mkono. Mungu akushike pale mikono yetu isipofika.

Ndimi mdogo wako akupendaye na kukukumbuka,
Mama Chiriku
(kama ukuta unavyosema)